Umeme wa boti ya matanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu betri, chaji na waya

Haya ni maswali ambayo mwenye boti ya matanga lazima siku moja atauliza, na mara nyingi anauliza usiku, nanga iko chini na friji imeshajizima. Namba zote humu ni za mfumo wa volti 12, kama wako ni wa 24 zidisha zile za volti mara mbili. Na utaniona narudia jambo moja mpaka unichoke: pima kwanza, ununue baadaye. Betri kibao zinatupwa hazina kosa lolote, kosa lilikuwa kwenye waya, au hazikuwahi kujazwa vizuri hata siku moja.

Nianze na vifaa gani?

Mita ya kidijitali ya kawaida inatosha, si lazima iwe ya gharama. Tafuta na waya mwembamba mrefu wenye klipu kila ncha, huo ndo utakufikisha kutoka kwenye betri mpaka taa ya omo bila kuning'inia na mita mkononi. Ukiweza ongeza mita ya kubana, ile unaizungusha kwenye waya inakusomea ampea bila kukata kitu, ila hakikisha inasoma ampea za DC (umeme wa betri) kwa sababu nyingi zinasoma AC (umeme wa nyumbani) tu na muuzaji wala hatakwambia. Brashi ya waya, msasa, spana, tochi ya kichwani, basi.

Halafu vua pete na saa ya chuma. Spana ikigusa vichwa viwili vya betri kwa pamoja zinapita mamia ya ampea, chuma kinawaka chekundu hapohapo mkononi. Zungushia tepu mpini wa spana na acha ncha tu.

Betri inasoma 12.6, si imejaa hiyo? Mbona nikiwasha kitu taa zinafifia?

Inategemea umepima lini. Betri ikitoka kuchajiwa sasa hivi inabaki na volti za juujuu ambazo zinadanganya, kwa hiyo iache ipumzike masaa kadhaa bila kuchajiwa na bila kutumika, ndo upime. Kwa betri za risasi (za maji, AGM, gel) ikipumzika hivi: 12.7 au zaidi kidogo imejaa, 12.4 iko kama robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 imebaki robo, chini ya 11.8 hakuna kitu. AGM husoma juu kidogo ya za maji. Jitahidi usizoee kushuka chini ya nusu, kila ukishuka sana unapunguza umri wake.

Lithiamu (LiFePO4) usihangaike kuipima kwa volti. Inakaa kwenye 13.2, 13.3 karibu safari nzima halafu ikifika mwishoni inaporomoka ghafla, kwa hiyo volti hazikwambii imebaki kiasi gani.

Na ukikuta betri ya risasi imechajiwa vizuri, imepumzika, halafu inasoma kama 10.5, hiyo ina seli moja imekufa. Ndani kuna seli sita za volti mbili mbili na kidogo, imetoka moja. Hiyo haifufuki. Iondoe haraka hasa kama imeungwa na nyingine kwa pamoja, maana zile nzima zitakuwa zinajimwaga kwake usiku kucha.

Ila swali lako la taa kufifia, hiyo 12.6 bila mzigo haijasema chochote. Endelea na swali linalofuata, ndo lenye mambo.

Nitajuaje kama kosa ni betri au ni waya?

Pima kitu kikiwa kinafanya kazi. Hili likiingia kichwani umemaliza nusu ya matatizo yote ya umeme wa boti, kwa sababu waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba utakusomea 12.6 safi kabisa kama hakuna mzigo, mita yenyewe hainyonyi chochote, lakini ukiwasha kifaa volti zinaanguka mpaka 10.

Tuseme friji inazingua. Washa friji, subiri kompresa iungurume, halafu weka mita kwenye volti za DC. Kwanza pima kwenye betri yenyewe, weka ncha kwenye kile kichwa cha risasi kabisa, siyo kwenye klampu iliyokibana. Kama hapo inashuka kutoka 12.6 mpaka 11 na friji peke yake ndo imewaka, betri imechoka. Kama inabaki 12.4 hivi nenda kwenye friji upime pale waya zinapoingia. Ukikuta 11.3, kuna volti 1.1 zimepotelea njiani na zinageuka joto mahali fulani.

Sasa zitafute. Ncha moja ya mita kwenye kichwa chanya cha betri (hapo ndo ule waya mrefu unaokoa), ncha nyingine kwenye waya chanya unapoingia kwenye friji, friji ikiwa inafanya kazi. Unachosoma ndo hasara ya upande wa chanya. Rudia upande wa hasi, na usiuruke, watu wanasafisha chanya mpaka inang'aa kumbe kosa liko kwenye ile baa ya hasi nyuma ya paneli imejaa ukijani. Ukishajua upande, rudisha ncha ya mita nyuma hatua moja moja: kwenye swichi ya paneli, kabla ya fyuzi, baada ya fyuzi, kwenye swichi kuu. Pale namba inapodondoka ghafla kati ya sehemu mbili, kosa liko katikati yake. Mara nyingi ni kishikio cha fyuzi kimeota kutu, au lagi (kile kichwa cha chuma kinachobanwa mwisho wa waya) iliyobanwa vibaya, na ukiigusa utakuta ya moto.

Hasara kiasi gani inavumilika? Kwa taa za njia, redio na vyombo vya uongozaji isizidi asilimia 3, yaani kama volti 0.36. Kwa vitu visivyo vya roho mkononi kama taa za ndani wanaruhusu mpaka asilimia 10, ila mimi naona hata hiyo ni nyingi.

Mfano wa redio ya VHF ndo unaonyesha vizuri. Redio inasikia fresh, unaongea kwa wati 1 unasikika, ukibadili kwenda wati 25 ukabonyeza kuongea inajizima na kujiwasha. Wengi wanaamua redio imekufa. Kwa wati 25 redio inanyonya kama ampea 5 na nusu, kwa wati 1 inanyonya kama ampea moja. Kukiwa na ukinzani wa omu 0.3 tu kwenye koneka moja mbovu, kwa wati 1 unapoteza volti 0.3, hakuna anayeona, lakini kwa wati 25 unapoteza karibu 1.65 na redio inakata. Koneka ndo ya kubadilisha hapo, redio haina shida.

Nimewasha injini masaa mawili, betri bado hazijajaa. Altaneta imekufa?

Labda, labda siyo. Pima betri kabla ya kuwasha, andika. Washa injini, ipandishe mizunguko kidogo juu ya ile ya kusimama, subiri dakika chache, pima tena kwenye vichwa vya betri. Inatakiwa ipande, iende kwenye 13.8 mpaka 14.4 hivi. Betri zikiwa tupu sana itapanda taratibu, usiwe na haraka, ila lazima uone inapanda.

Haipandi kabisa? Angalia fenibelti. Ikandamize kwa kidole katikati, isilegee zaidi ya sentimita moja hivi, na kama kuna vumbi jeusi limetapakaa mbele ya injini ujue mkanda unateleza na unasagika. Halafu ile taa ndogo ya chaji kwenye paneli ya injini: ukiwasha ufunguo kabla ya kupiga stata lazima iwake. Isipowaka usifurahi, kwenye altaneta nyingi umeme wa kuiamsha unapitia kwenye hiyo balbu, balbu ikiungua altaneta inalala. Dalili yake ni kwamba ukiipiga mizunguko mingi mara moja inaamka na kuanza kuchaji kama hakijatokea kitu.

Kama nyuma ya altaneta unasoma 14.3 na kwenye betri unasoma 13.4, altaneta ni nzima. Volti zinaliwa njiani, rudi kwenye swali la waya hapo juu.

Na kama mita yako ina AC, iweke AC halafu pima kwenye betri injini ikiwa inawaka. Ukiona zaidi ya nusu volti hivi, kuna diodi ndani ya altaneta imeondoka, itachaji kwa kujikongoja na inaweza hata kunyonya betri injini ikizimwa.

Ila mara nyingi hakuna kilichoharibika, ni hesabu tu. Altaneta imeandikwa ampea 60, lakini hizo ni ikiwa baridi na inazunguka kwa kasi, ikishapata moto kwenye kile chumba cha injini kisicho na hewa inatoa pungufu. Halafu betri ya risasi yenyewe inapokea kwa fujo mpaka kwenye asilimia 80, kutoka hapo inakuwa na maringo, ampea zinashuka na zinaendelea kushuka, ile 20 ya mwisho inachukua masaa mengi hata uwe na altaneta kubwa vipi. Kwa hiyo mtu anayewasha injini lisaa limoja kila siku anabaki anacheza kati ya 50 na 80, hajai kamwe, na betri ya risasi isiyojaa kamwe inaota salfeti kwenye bamba zake, zikikomaa uwezo umekwenda. Ile asilimia ya mwisho iachie sola au chaja ya gatini, kuunguza dizeli kwa ajili yake ni hasara tupu.

Betri ya injini inajaa vizuri, za ndani hazijai. Kwa nini?

Tafuta kile kinachogawa chaji. Kama ni kibao cha diodi cha kizamani (kipande cha alumini chenye mapezi, waya moja inaingia mbili zinatoka), hicho kinakula volti 0.7 hivi. Altaneta inadhani imefika 14.2, betri zinaona 13.5. Ile ya injini haijali kwa sababu haikutumika, ilinyonywa sekunde mbili tu za stata. Za ndani ndo zinaumia. Dawa ni kubadilisha kiwe cha kisasa kisichokula volti, au kuweka reguleta inayosoma volti kwenye betri yenyewe.

Kama ni relei inayojifunga kwa volti, hizo hujifunga zikiona kama 13.3 na kuachia kwenye 12.8 hivi, inatofautiana kidogo. Injini ikiwa inawaka pima pande mbili za relei. Zikiwa sawa imefunga. Zikitofautiana haijafunga, na mara nyingi kosa ni ile waya yake ndogo ya hasi.

Naweza kuzungusha swichi kuu ya betri injini ikiwa inawaka?

Usiipeleke kwenye OFF, hata kwa sekunde. Altaneta ikikosa ghafla pa kumwaga umeme, volti zinaruka na diodi zinakwenda, na wakati mwingine zinaondoka na vyombo vingine. Kuhama kutoka 1 kwenda 2 kupitia BOTH ni sawa kwa swichi zile zinazounganisha kwanza kabla ya kuachia, ila kama hujui yako ni ya aina gani zima injini kwanza.

Wenye lithiamu wawe makini zaidi: BMS (kile kifaa cha ndani kinachoilinda betri) ikiamua kujikata wakati altaneta inachaji ni jambo lilelile. Ndo maana watu huweka chaja ya DC kwa DC katikati, altaneta inabaki imeshikana na betri ya risasi ya injini.

Paneli ya sola imeandikwa wati 100, mbona inanipa 30?

Tazama juu kabla ya kutazama chini. Kivuli cha boriti la tanga, cha mlingoti, hata cha waya mmoja wa mlingoti kikikatiza paneli kinashusha sana, kwa sababu seli zimeungwa kwa mfuatano, moja ikizibwa inabana zinazofuatana nayo. Sogeza boriti upande, funga kwa kamba, uone namba zinavyoruka. Kinyesi cha ndege pia kinahesabika. Na wati 100 ni za maabara, paneli ikiwa nyuzi 25. Ikiwa juani kwenye sitaha inakuwa ya moto zaidi ya hapo na inatoa pungufu. Siku nzuri ya jua paneli ya 100 itakupa kama Ah (ampea mara masaa) 25 au 30 kwa siku nzima. Ndo hivyo.

Jambo lingine, kama betri zimekaribia kujaa kontrola inapunguza yenyewe. Wati 30 saa saba mchana na betri ziko 14.4 ni habari njema. Ukitaka kuhakikisha washa friji na taa zote, kama wati zinapanda hakuna ubovu.

Bado? Chomoa paneli kutoka kwenye kontrola upime ncha zake juani. Paneli ya kawaida ya mfumo wa 12 itasoma kama volti 18 mpaka 22 ikiwa haijaunganishwa na kitu. Ikisoma nusu yake kuna seli au diodi ya nyuma imekufa. Ukimaliza rudisha kwa mpangilio: betri kwenye kontrola kwanza, paneli mwisho, kwa sababu kontrola nyingi zinatambua volti za mfumo kwa kuona betri. Na uingie kwenye mipangilio uangalie imewekewa aina gani ya betri, kuna watu wana gel halafu kontrola imewekwa ya betri za maji. Gel nyingi hazitaki kupita 14.2 hivi.

Nimeacha boti wiki tatu, nilizima kila kitu, nimekuta betri zimekufa. Nini kinakula?

Kuna vitu havipiti kwenye swichi kuu. Pampu ya ngama, redio ya muziki inayotunza saa, kitambuzi cha gesi, kontrola ya sola yenyewe, kile kioo cha kusoma betri. Ampea 0.1 inaonekana si kitu, lakini kwa siku ni Ah 2.4 na kwa mwezi ni 72, betri nzima hiyo.

Kupima: zima kila kitu, funika au chomoa sola, chomoa waya wa hasi kwenye betri, weka mita katikati ikiwa kwenye ampea na ncha nyekundu kwenye tundu la 10A. Usijaribu kupiga stata hivyo, utaunguza mita. Soma. Halafu chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Na kumbuka kurudisha ncha ya mita kwenye tundu la volti, kwa sababu ukisahau na kwenda kupima volti za betri umepiga shoti.

Ukikuta mlaji ni pampu ya ngama inayowaka kila baada ya muda, usiikate! Shida yako imehama kutoka kwenye umeme. Boti inaingiza maji, nenda ukatafute yanapoingilia, anzia kwenye shimo la shafti na mabomba.

Friji inajizima usiku halafu asubuhi inafanya kazi yenyewe

Hiyo inajilinda. Kompresa za Danfoss, siku hizi zinaitwa Secop, zile BD35 na BD50 ambazo ziko kwenye friji nyingi sana za boti, zikitoka kiwandani zimepangwa kukata kwenye volti 10.4 na kutorudi mpaka zione 11.7. Volti hizo zinapimwa pale kwenye kompresa yenyewe, kwa hiyo waya mwembamba unaiua friji wakati betri bado ina nusu. Kwenye kile kiboksi chake kuna sehemu ya kuunga taa ndogo ya LED, nyingine zinakuja nayo. Ikimweka mara moja halafu inatulia, ni volti. Mara mbili, feni inanyonya kupita kiasi. Mara tatu, mota imeshindwa kuanza. Mara tano, imepata joto kupita kiasi. Kabla hujamwita fundi wa friji hesabu hizo kumweka.

Napiga stata inasema "ta" tu, injini haizunguki

Washa taa ya ndani halafu piga stata huku unaiangalia. Taa ikizimika kabisa: betri tupu au kichwa cha betri kimelegea. Taa ikibaki inawaka vilevile kama hujagusa kitu: umeme haufiki kwenye mota ya stata.

Kama ni ya kwanza, kaza na usugue vichwa kwanza. Klampu inaweza kuonekana imekaa sawa kumbe unaizungusha kwa mkono. Stata inataka ampea zaidi ya mia, hapo hakuna waya wa "karibu sawa".

Kama ni ya pili, pima ule waya mdogo unaoingia kwenye solenoidi ya stata wakati mtu mwingine anageuza ufunguo. Kukiwa na 12 na bado inasema "ta", solenoidi au mota. Kukiwa na 8 au 9, volti zimepotea kwenye ufunguo au kwenye ile plagi kubwa ya waya za injini iliyojificha nyuma, sehemu yenye unyevu na mtikisiko kuliko zote. Ichomoe, isafishe, irudishe. Hakikisha pia gia iko katikati, injini nyingine hazikubali ikiwa ndani.

Betri inanuka kama mayai viza, imepata moto

Zima chaja kwenye breka yake, au zima injini kama ndo inayochaji. Usichomoe klipu kwenye betri kwanza, ile cheche ndogo inatosha: betri inayochemka inatoa haidrojeni, na ikifika asilimia 4 tu kwenye hewa inalipuka. Fungua milango na madirisha, toka nje, hakuna sigara, hakuna jiko. Ikipoa ndo utafute sababu.

Sababu ni mbili hasa. Ama reguleta imekufa na volti zimepita 15, ama betri moja ina seli yenye shoti ndani na chaja inaendelea kuisukuma bila kufika. Betri iliyovimba hairudi kazini. Za maji zikisharudi kuwa baridi pima kwa haidromita (kipimo cha uzito wa maji ya betri), iliyojaa inasoma kama 1.265, na ukikuta seli moja iko nyuma ya wenzake kwa 0.050 ndo hiyo mgonjwa. Kuongeza maji ongeza maji ya betri yaliyosafishwa, siyo ya bomba, na uongeze baada ya kuchaji isipokuwa bamba zimeshaonekana kavu. Vaa miwani.

Na kama betri zinakaa sehemu ya joto, pembeni ya injini, volti za chaji zishushwe: kwa kila nyuzi 10 juu ya 25 toa kama 0.2 mpaka 0.3. Chaja nzuri ina waya wa kupima joto unaobandikwa kwenye betri, watu wengi wanauacha kwenye boksi.

Nikiunga umeme wa gatini breka inaruka

Hapa ndo unakutana na umeme wa kuua kwa hiyo twende polepole. Zima breka zote za boti, chomoa kila kitu, unga, kisha washa moja moja. Inayoangusha ndo yenye kosa, na hita ya maji ndo ninayoishuku kwanza siku zote, elementi ikitoboka maji yanaingia. Ikiruka hata kila kitu kikiwa kimezimwa, kosa ni kwenye kebo au plagi. Ziangalie pini: zikiwa kahawia au plastiki imeyeyuka, badilisha plagi na soketi yake zote mbili, ukibadilisha upande mmoja, ule mbovu utaharibu mpya.

Usifunge waya wa ethi (waya wa ardhi) pembeni ili "isiruke". Na usiogelee gatini kwenye boti zilizoungwa umeme, kosa la boti ya jirani linapitia majini na linaua watu, hasa kwenye maji baridi yasiyo na chumvi. Kama huna uzoefu na AC mwite fundi umeme, DC ndo ya kujifunzia.

Kingine, zinki zako (zile zinazoliwa na kutu badala ya chuma cha boti) zikianza kuisha kwa kasi tangu uunge umeme wa gatini, ule waya wa ethi umeunganisha chuma chako na cha majirani wote, zinki yako inawalinda na wao. Kuna kifaa cha kuzuia huo mkondo kinachowekwa kwenye waya wa ethi, kitafute.

Kioo cha betri kinasema 100% lakini volti ni 11.9

Amini volti. Kile kifaa kinahesabu ampea zinazopita kwenye shanti (kile kipande cha kupimia ampea kwenye waya wa hasi) tu, kwa hiyo kama kuna waya wa hasi umefungwa moja kwa moja kwenye betri badala ya upande wa pili wa shanti, hizo ampea hazionekani. Waya za hasi zote zipite kwenye shanti, kwenye kichwa cha hasi cha betri abaki mmoja tu. Halafu ingiza uwezo wa kweli wa betri, siyo ule wa zilipokuwa mpya, na uijaze kabisa ili hesabu ianze upya.

Naruhusiwa kuchanganya betri mpya na ya zamani?

Kwa pamoja kwenye benki moja, hapana. Ya zamani inaivuta mpya. Aina tofauti ndo kabisa usijaribu. Na zikiwa zimeungwa sambamba, toa chanya kwenye betri ya kwanza na hasi kwenye ya mwisho, ukitoa zote kwenye ile ya mbele hiyo ya mbele inafanyishwa kazi na kufa mapema.

Niungeje waya ili nisirudie kazi kila mwaka?

Tumia waya wa nyuzi nyingi, shaba iliyopakwa bati. Ukikata waya wa kawaida uliokaa baharini utakuta nyuzi zimekuwa nyeusi ndani ya mpira, na weusi huo unaweza kupanda mbali sana, kata mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, na kama haifiki toa wote. Bana lagi kwa plaiya yake sahihi, siyo koleo, halafu ivute kwa nguvu, ikitoka bora itoke sasa. Juu yake mpira unaosinyaa kwa moto wenye gundi ndani. Waya unapoingia kwenye kifaa uache uning'inie kidogo chini kabla haujapanda, maji yadondokee hapo. Tepu peke yake ni kujidanganya.

Fyuzi inalinda waya, hailindi kifaa. Kwa hiyo inapimwa kwa unene wa waya na inakaa karibu na betri, ndani ya sentimita 18 au 20. Ikiungua ukaweka kubwa zaidi, waya ndo utakuwa fyuzi.

Taa ya juu ya mlingoti haiwaki, lazima nipande?

Subiri kwanza. Anzia kwenye plagi iliyo sitahani chini ya mlingoti, hiyo inakunywa chumvi mwaka mzima. Ifungue, washa swichi, pima. Hakuna 12, kosa liko chini na hujapanda bure. Ipo, ondoa umeme halafu pima ukinzani wa waya zinazopanda juu. Kwa balbu ya kawaida ukikuta omu chache balbu ni nzima. Kwa LED njia hii haikwambii kitu, peleka 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri kavu ndogo, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi.

Nimebadilisha balbu zote ziwe LED, sasa redio ya VHF inakoroma

LED za bei ya chini zina saketi ndani ya kushusha volti ambayo inarusha kelele. Kaza skwelchi (kile kitufe cha redio cha kunyamazisha kelele) mpaka redio inyamaze kabisa, ilegeze mpaka ianze kukoroma kidogo, halafu zima taa moja moja, iliyonyamazisha redio ndo yenyewe. Ile ya juu ya mlingoti ndo mbaya kuliko zote kwa sababu iko pembeni ya antena, na ndo maana usiku kwenye nanga unaweza usisikie mtu anayekuita. Kwa hiyo juu kule weka LED iliyotengenezwa kwa ajili ya boti, za kabatini unaweza kuziacha hizohizo.